Norfolk Isiyo na Kiingilio

Likizo ya Pasaka katika shule za Uingereza huchukua wiki mbili, na kwa mzazi anayelipwa kwa saa wiki hizo ni mtihani. Tulipohamia Norwich, mji mkuu wa kaunti ya Norfolk mashariki mwa Uingereza, mimi nilikuwa nikihudumia wazee katika nyumba moja ya matunzo, na baba watoto akifanya zamu za usiku kwenye ghala. Watoto walikuwa watatu, wa mwisho bado wa kubebwa mgongoni. Shule zikifunguliwa mwalimu aliwataka waeleze walikwenda wapi. Wenzao walitaja Hispania, walitaja viwanja vya michezo vyenye bembea za kupaa angani. Nikaulizia kiingilio cha kiwanja kimoja: sisi watu watano tungemaliza malipo yangu ya zamu mbili kabla hatujanunua hata maji ya kunywa. Baba watoto akasema, “Mama, basi tutafute mahali pasipo na mlango wa kulipia.”

Norfolk imejaa mahali kama hapo, na majira ya kuchipua ndiyo wakati wake. Kaunti ina pwani ndefu inayotazama Bahari ya Kaskazini, ina misitu, ina mito na maziwa, na karibu kila kijiji kina kanisa la kale la mawe linaloachwa wazi mchana. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na jioni hurefuka. Sisi wa Tanga tumezoea jua linalozama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kumbe huku ifikapo Mei ni saa mbili usiku na jua bado halijazama. Mzazi aliyetoka kazini alasiri bado ana saa nzima za kutembea na wanawe. Wana-kondoo wanarukaruka malishoni, na mashamba ya mbegu za mafuta yanageuka manjano hadi upeo wa macho. Baridi ipo, tena ile ya upepo wa baharini inayopenya koti. Tulivaa tabaka juu ya tabaka tukaenda.

Jambo lililonishangaza kuliko yote mwanzoni lilikuwa njia. Nje kidogo ya mji nilikuta kibao cha mbao kimesimikwa ukingoni mwa shamba la ngano, mshale wake ukielekeza katikati ya shamba la mtu. Nikasita. Jirani yetu, bibi mmoja Mwingereza aliyekwishastaafu, alinieleza kuwa ile ni njia ya umma, mwenye shamba haruhusiwi kuiziba, na kwamba sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri zichore njia hizo zote kwenye ramani ili zisipotee. Tukaazima ramani maktaba. Usiku baba watoto aliitandaza mezani, akawa anafuata kwa kidole vistari vya kijani vilivyopita nyuma ya makanisa, kando ya mito, katikati ya viazi vya watu. Watoto wakajifunza adabu za njia: geti ulilolikuta limefungwa lifunge, usipite kati ya kondoo na mwanawe, usikanyage mmea. Kwa familia isiyomiliki hata bustani ya dirishani, kujua kwamba tuna haki ya kupita kote kule kulitufanya tujione wenyeji mapema kuliko karatasi yoyote ya uhamiaji.

Pwani tulifunguliwa na reli. Kutoka Norwich kuna treni ya kwenda Cromer na Sheringham, safari ya kama saa moja. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano halipi, na kadi ya familia hupunguza theluthi moja ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya nauli ya watoto. Kwa wanangu treni yenyewe ilikuwa nusu ya matembezi. Ikifika Cromer, reli imekomea pale. Dereva anashuka, anatembea na begi lake hadi kichwa cha upande wa pili, na treni inatoka kule kule ilikoingilia. Walilisubiri tukio hilo wakiwa wamebandika pua kwenye kioo.

Kituo kinachofuata baada ya Cromer ni West Runton, kijiji kidogo chenye ufuko ambao kwa maoni yangu unashinda makumbusho mengi. Mwaka 1990, baada ya dhoruba kuumega mwamba wa pwani, mume na mke wa eneo hilo wakitembea ufukweni waliona mfupa mkubwa umechomoza. Uchimbaji mkubwa uliofanywa mwaka 1995 ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya dume la mamothi, jamaa wa tembo aliyeishi zaidi ya miaka 600,000 iliyopita, mwenye urefu wa kama mita nne begani na uzito unaokisiwa kufika tani 10. Binti yangu mkubwa aliposikia habari hizo alisimama mchangani akauliza, “Mama, kwa hiyo alimzidi tembo wa Mikumi?” Alimzidi, nikamwambia, na kwa mbali. Tangu hapo hakuna jiwe lililopita bila kugeuzwa. Maji yakipwa pale, mwamba wa chokaa unabaki wazi na vidimbwi vyake vimejaa kaa wadogo, uduvi na mwani. Tuliokota vijiwe vyenye umbo la risasi, ambavyo ni mabaki ya wanyama wa kale wa jamii ya ngisi. Kijana wangu wa kati alivipanga kwenye kopo la siagi, akapeleka shuleni, na ile siku ya kueleza likizo alikuwa na mengi ya kusema kuliko waliokwenda Hispania.

Cromer kwenyewe tulikwenda kwa ajili ya gati. Lilifunguliwa mwaka 1901, linaingia baharini juu ya nguzo za chuma, na kulitembea hadi mwisho ni bure. Watoto hukaa pale kwa saa nyingi wakivua kaa kwa uzi mtupu usio na ndoano. Unafunga chambo, unateremsha hadi chini, unangoja, unapandisha polepole, kaa akiwa bado anang'ang'ania. Wengi hutumia nyama ya nguruwe. Sisi tulikwenda na vichwa vya samaki alivyotupa bure muuza samaki wa sokoni Norwich, na kaa hawakulalamika. Ndoo iwe na maji ya bahari, kaa wasisongamane, na mwisho wote wanarudishwa majini. Mama mmoja wa pembeni alitazama chambo chetu, akawaambia wanawe nao watafute vichwa vya samaki. Tukaanza kuzungumza, tukagawana chapati zetu na keki yake.

Mwisho wa gati lile kuna kituo cha mashua ya uokoaji, na hapo niliwasomea watoto habari za Henry Blogg, mvuvi wa kaa wa Cromer aliyefariki mwaka 1954. Alikuwa nahodha wa mashua ya uokoaji, na katika miaka yake yeye na wenzake waliokoa watu 873. Mashua yao ya mwanzo ilikuwa ya makasia. Waokoaji wa pwani ya Uingereza wengi hadi leo ni wa kujitolea, watu wenye kazi zao, wanaoacha sahani mezani wakiitwa. Mimi niliyekulia pwani, ninayejua nyumba ambazo baba alitoka na ngalawa asirudi, sikuweza kumaliza kusoma bila sauti kukwama. Watoto walinyamaza, kisha mdogo akataka chipsi.

Lakini mahali ninapopakumbuka kuliko pote ni Happisburgh. Kufika kulitaka subira: treni hadi North Walsham, kisha basi la vijijini ambalo ukilikosa siku yako imeharibika. Kijiji kina mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, uliojengwa mwaka 1790, na kina mwamba wa udongo laini unaoliwa na bahari mwaka baada ya mwaka. Nyumba za watu zimekwenda na maji. Tuliona barabara iliyokatika ghafla ukingoni, lami yake ikining'inia hewani.

Bahari hiyo hiyo inayobomoa ndiyo iliyofichua. Mwezi Mei mwaka 2013 mawimbi yaliondoa mchanga wa ufuko, na chini yake ukaonekana udongo mgumu wenye vishimo vingi. Wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi pale walivipiga picha na kuvipima haraka, maana kila maji yalipojaa vilizidi kufutika. Katika muda wa wiki mbili vilikuwa vimekwisha. Matokeo yalitangazwa Februari 2014: zilikuwa nyayo za binadamu wa kale, za zaidi ya miaka 800,000, kongwe kuliko nyayo zote za binadamu zilizokuwa zimepatikana nje ya Afrika. Ukubwa wake ulionyesha kundi la watu kadhaa, wakubwa na watoto, waliopita kwenye matope ya mdomo wa mto wakielekea kusini.

Nje ya Afrika! Habari hii ilinipata jikoni, nikaketi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua Zinjanthropus na Bonde la Olduvai kama anavyojua jina la kijiji chake. Anajua pia nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, ambazo kundi la Mary Leakey lilizichimbua mwaka 1978, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Wanangu hawakuwahi kusomeshwa hayo. Walikuwa wakijua wafalme na malkia wa Uingereza. Basi likizo ya Pasaka iliyofuata tukaenda Happisburgh, tukashuka ufukweni maji yalipopwa, na nikawasimulia yote mawili kwa pamoja: za kwetu zilizohifadhiwa na majivu ya volkano, na za hapa ambazo bahari ilizifunua na kuzifuta. Niliwaambia kwamba watu wa kwanza tunaojua walitembea pwani hii wakiwa na watoto wao walikuwa na asili ya kule tulikotoka sisi. Kijana wangu, aliyekuwa amesikia wiki chache nyuma uwanjani mwa shule kwamba arudi kwao, aliniangalia kwa makini sana. Kisha wote watatu wakavua viatu katika baridi ile, wakakimbia kwenye udongo unyevu, wakarudi kuzikagua nyayo zao. Baba watoto naye akavua. Sijapata kumwona akicheka vile tangu tuondoke Tanga.

Mei ilikuwa ya msituni. Jirani yule bibi alitupeleka kwa gari lake Foxley, msitu wa kale ulio mkubwa kuliko yote Norfolk, usiotoza kiingilio. Chini ya miti ambayo majani yake ndiyo kwanza yanafunguka, ardhi yote ni buluu. Ni maua ya mwituni yanayotoka kwenye vitunguu vyake kabla miti haijafunga kivuli, na wiki chache baadaye hakuna kitu. Karibu nusu ya maua hayo yote duniani yako Uingereza. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza huchukua miaka kadhaa, na majani yakikanyagwa mmea hudhoofika, ndiyo maana bibi alituonya tusitoke kwenye njia hata kwa picha moja. Binti yangu alimshika mkono bibi yule njia nzima. Wajukuu zake walikuwa mbali, na bibi wa wanangu alikuwa Tanga. Wawili hao walijua wenyewe walichopeana.

Mvua ikinyesha tulikimbilia kanisa kuu la Norwich, lililoanza kujengwa mwaka 1096, ambalo kuingia ni bure na mtu huachia alichonacho. Mnara wake una mita 96, na tangu 2011 umewekewa jukwaa la kipanga kutagia mayai. Wapenda ndege husimama uani na darubini, na mtoto akiomba kuchungulia hanyimwi.

Chakula kilikuwa chetu siku zote: chapati zilizokunjwa na mayai, viazi vya kuchemsha, chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye chupa. Hilo pekee liliokoa fedha nyingi kuliko kadi ya reli.

Wanangu sasa ni watu wazima, na nakutana na wazazi wapya wanaofika Norwich kutoka Tanzania, Kenya na Kongo kufanya kazi zile zile nilizofanya mimi. Wengi huniambia watoto wanashinda ndani na simu kwa kuwa hela za kuwatembeza hazipo. Ndugu zangu, watoeni. Azimeni ramani maktaba, angalieni saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kushuka ufukweni, msikae chini ya mwamba wa pwani maana huporomoka bila kuonya, pikeni chapati usiku. Waambieni watoto habari za Laetoli wakiwa wamesimama Happisburgh, kwa sababu shuleni huenda wasiambiwe. Treni ya kwenda Sheringham huondoka Norwich karibu kila saa.