Besi ya Deacon, redio ya Makambako

Wengi tunajua Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, mwaka 1946. Mimi namhusudu zaidi mpiga besi wake, John Deacon. Bwana yule alisomea elektroniki, na miaka ya 1970 aliunda amplifaya kwa saketi aliyoiokota kwenye taka. Brian May akaipigia gitaa kwenye rekodi za Queen!

Spika mpya ya besi ni mishahara yangu kadhaa. Basi Jumamosi nikatoka hapa Njombe na Hiace hadi Makambako, kwa fundi redio. Nikarudi na redio kubwa, kaseti imekufa ila spika nzima, na fundi ameshaniwekea tundu la kuchomeka besi.

Nyuzi zangu kuukuu nimeziacha, maana hazina tena mlio mkali. Chini yake, zinapofungiwa, nimebana sponji ya godoro ili kila noti ikatike upesi, kama kwenye "Another One Bites the Dust" ya 1980. Napiga kwa vidole vitupu.

Nikizidisha sauti, redio inakoroma. Nikiipunguza, naam, Deacon yumo chumbani!

Kijana mwenzangu unayesubiri vifaa vya Ulaya, una nini hapo nyumbani? Anza nacho.