Afya Iliyofungwa kwa Ajira



Waamini wengi wa nyumbani Tanzania huniuliza swali moja kila waniandikiapo: inakuwaje katika nchi tajiri kama Marekani, ninakofanya utume wangu, watu waiogope hospitali? Wamesikia kwamba huku mitambo ya tiba ni ya kila namna, na kwamba mtu akipata kazi nzuri hupata na bima ya afya ya familia nzima. Ni kweli. Shida imo ndani ya maneno hayo “akipata kazi”.

Utaratibu huu haukubuniwa na mtu mmoja kwa makusudi. Mwaka 1929, katika mji wa Dallas, hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor ilikubaliana na walimu wa shule kwamba kila mmoja achange senti 50 kwa mwezi, naye akiugua alazwe hadi siku 21. Hakukuwa na mwenye hisa aliyengoja gawio. Ulikuwa mfuko wa kusaidiana, kama vile vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 serikali ilidhibiti upandaji wa mishahara, na waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakatafuta kivutio kingine. Bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara, hivyo wakaitoa. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hiyo hautozwi kodi ya mapato. Basi, kiraka cha wakati wa vita kikageuka kuwa ndiyo nguo yenyewe. Na mwaka 1994 chama kikuu cha mashirika yaliyochipuka kutokana na mfano ule wa Dallas kiliwaruhusu wanachama wake kuwa kampuni za faida.

Leo watu zaidi ya milioni 150 wanapata bima kwa njia ya ajira, yao wenyewe au ya mwenzi au mzazi. Mwaka 2024 bima ya familia kwa njia hiyo iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka. Kati ya hizo mfanyakazi alikatwa dola 6,296 katika mshahara wake, na zilizobaki alilipa mwajiri, ingawa wachumi wengi husema kwamba hata fedha hiyo ya mwajiri ni jasho la mfanyakazi ambalo halikupita mkononi mwake.

Mtu ambaye mshahara wake umefikia mwisho hazioni hesabu hizi mpaka siku moja barua ifike. Ilimfikia muumini wetu mmoja, mzee kutoka Kivu ya Kusini aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Ameniruhusu nieleze habari zake, nami nimeficha yale yanayoweza kumtambulisha. Alifanya kazi ya kukata nyama kiwandani, zamu ya usiku, bila kukosa. Ndipo akagundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Akapasuliwa, kisha akapangiwa tiba ya kemikali ya miezi sita.

Sheria ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi wa kampuni kubwa majuma 12 ya likizo ya ugonjwa, bila mshahara, huku bima yake ikiendelea. Majuma 12, na tiba ni miezi sita! Muda ulipokwisha, ajira ikakoma. Barua ilisema kwamba bima nayo ingekoma mwisho wa mwezi, ila angeweza kubaki nayo kwa miezi isiyozidi 18 endapo angelipa gharama yote, sehemu yake na sehemu ya mwajiri, pamoja na nyongeza ya asilimia 2. Kwake ilikuwa zaidi ya dola 2,000 kila mwezi.

“Baba Padri, wananipandishia bei kwa sababu ninaumwa?”

“Hapana, Papa,” nilimjibu. “Bei ni ileile ya siku zote, ila hukuwahi kuonyeshwa.”

Alinyamaza kitambo, akasema kwamba kambini foleni ya dawa ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyemwuliza anafanya kazi wapi.

Ugonjwa ulichukua kazi, na kazi ikaondoka na tiba ya ugonjwa uleule. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ajira zaidi ya milioni 20 zilipotea nchini hapa kwa mwezi mmoja, na katika nyumba nyingi bima ilitetereka katika majira yaleyale ambayo kila kikohozi kilitisha. Hata aliye mzima hufungwa. Ninamfahamu mama anayevumilia matusi ya msimamizi wake mwaka wa nne sasa, kwa kuwa dawa za pumu za mwanawe ziko mikononi mwa mwajiri huyo. Mwajiri apewe haki ya kuagiza kazi; ufunguo wa kabati la dawa si wake.

Juu ya hayo imo faida. Nisiwaonee wenye kampuni: sheria ya mwaka 2010 iliwakataza, kuanzia 2014, kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alio nao, na inawadai watumie walau dola 80 au 85 za kila dola 100 za michango kwa tiba na ubora wake. Lakini asilimia ya fungu linalokua nayo hukua. Tena wafanyakazi zaidi ya nusu wamo katika mipango ambayo mwajiri mwenyewe hubeba gharama za tiba, na kampuni ya bima hulipwa ujira wa kuchambua madai, kuyakubali au kuyakataa. Hapo kila kibali kinachonyimwa ni nafuu kwa mwajiri pia. Katika kwaya yetu yumo dada anayejibu simu za kampuni ya namna hiyo. Siku nyingine hufika mazoezini macho yamevimba.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu, pamoja na ulinzi wakati wa ugonjwa na wa kukosa kazi. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, alifundisha katika Laborem Exercens kwamba matibabu ya wafanyakazi yawe nafuu, ikiwezekana bure. Wapo wanaoushika huo wa pili na kusema: “Mnaona? Ni jambo la wafanyakazi!” Lakini haki ile ya kwanza ni ya mtu kwa kuwa ni mtu, na aliyefutwa kazi hajaacha kuwa mtu.

Nyumbani, ambako sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, nasikia wapo wanaotamani tuige mtindo wa huku. Waje kwanza wakae nami ofisini siku moja ya kusoma barua.

Mzee wetu hakuweza kulipa. Mkewe ana kazi ya saa chache isiyo na bima, na kipato chake kilizidi kidogo tu kiwango cha msaada wa serikali kwa maskini. Ilibaki kununua bima nyingine katika soko lililowekwa na sheria ya 2010, ndani ya siku 60 tangu kupoteza ile ya kwanza. Yule dada wa kwaya alikaa naye jioni tatu wakijaza fomu, na bima ikapatikana. Kumbe daktari aliyemtibu tangu mwanzo hayumo katika orodha ya bima hiyo mpya! Aliyemo yuko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, naye anataka kipimo kipya kabla ya kuendelea na dawa, na kipimo hicho kinahitaji kibali. Leo ni siku ya kumi na moja tunakingoja. Misa ya Kiswahili Dominika ijayo ni saa nane mchana, na familia yake ndiyo itakayopeleka vipaji.