Fenda za Chuma au za Faiba? Ishu ya Volkswagen ya Marehemu Mzee

Wadau wangu, wiki hii naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, tuongee magari. Najua kuna watu wameshaanza kukunja sura. Subirini, msanii yumo humu humu, na shemeji yetu yumo pia, majina tu ndiyo nayahifadhi.

Ishu ni hii. Nyumbani Tanga kuna Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 aliyoiacha marehemu mzee. Huo ndio mwaka Beetle ilipoipita Ford Model T kwa idadi ya magari yaliyotengenezwa, ikavuka milioni 15, na bado iliendelea kutoka kiwandani mpaka 2003 kule Mexico. Ya kwetu haijawahi kulala. Mama anaikodisha kwa maharusi na kwa watu wa video, na hiyo hela ndiyo inayomlipia ada mdogo wetu wa mwisho. Kwahiyo nikisema fenda zimeoza, siongelei mapambo, naongelea ada.

Na zimeoza kweli. Tunakaa karibu na bahari, upepo wa chumvi unapiga usiku na mchana, na Beetle ina tabia moja mbaya: tope linaloruka kutoka kwenye tairi linakwenda kujibana pale fenda inapokutana na bodi, linakaa na unyevu, kutu inaanza ndani kwa ndani. Nje unaona rangi inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole, kidole kinaingia. Zetu tatu kati ya nne zilikuwa hivyo. Ile ya mbele kulia tu ndiyo nzima.

Hapo ndipo familia ikagawanyika. Braza anasema chuma tupu, au tuiuze. Fundi bodi wa mtaani anasema faiba, rahisi, nyepesi, na kutu haigusi. Mama anasema gari la mume wake halitakuwa la plastiki. Mimi nikatumwa kufuatilia kwa sababu eti ndiye niliye na bando la intaneti muda wote.

Tuanze na hilo neno la mama, maana wengi wanafikiri hivyo. Faiba siyo plastiki ya beseni. Ni nyuzi za kioo zilizofumwa kama mkeka, zinalowekwa kwenye resini, unaweka hadna, inakauka inakuwa ngumu. Corvette ya Marekani ilitoka mwaka 1953 na bodi nzima ya faiba, yakatengenezwa magari 300 tu mwaka ule, yote meupe. Na mwaka huo huo 1953 huku kwetu ndipo yalipoanza mashindano ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari lililotamba ni Volkswagen Beetle, chuma kitupu, kwenye tope. Kwahiyo huu ubishi umri wake unakaribia wa gari lenyewe. Tena miaka ya 60 huko California kuna jamaa anaitwa Bruce Meyers, alikuwa mtu wa boti, alichukua sakafu na injini ya Beetle akaivisha bodi ya faiba akaenda nayo kwenye michanga. Shikilieni hilo la boti, nitarudi nalo.

Kilichonifungua macho ni kujua fenda ya Beetle inafanya kazi gani. Kwenye magari mengi ya sasa fenda za nyuma zimeungana na bodi. Kwenye Beetle fenda zote nne zimefungwa kwa bolti tu. Unafungua, unaitoa, gari linabaki limesimama na linatembea, sema litakuwa na sura ya kuku aliyenyonyolewa. Fenda haibebi gari. Kinachobeba ni sakafu, ule mgongo wa katikati, na ile mirija miwili ya chuma inayopita chini ya milango, ambayo kazi yake nyingine ni kupeleka hewa ya moto mbele. Hiyo mirija ikioza, gari linaanza kujikunja katikati. Unajua kwa mlango: ukikaa wewe mlango unagoma kufunga, ukishuka unafunga vizuri.

Basi bwana, tulipotoa stepu ya kushoto tukakuta mrija umekuwa kama biskuti.

Pale hesabu ikabadilika kabisa. Kabla ya hapo tulikuwa tunabishana fenda za chuma au za faiba kama vile hela ipo ya kuchagua. Fenda za chuma za kuagiza, ukiweka usafiri na ushuru, mbili tu zilikuwa zinamaliza akiba yote ya mama. Na mrija hauna mjadala wa faiba. Ule ni chuma, unachomelewa na mtu anayejua, gari likiwa limekingwa lisijikunje wakati wa kukata. Nikamwambia braza, tukinunua fenda nzuri tukazifunga kwenye gari ambalo mbavu zimeoza, tumemvalisha marehemu suti. Hakucheka. Lakini alinyamaza.

Sasa turudi kwa braza, maana na yeye ana pointi. Alishapata mteja, mzee mmoja wa Arusha anayekusanya magari ya zamani. Alikuja na sumaku ameifunga kwenye leso isikwaruze rangi. Akawa anazunguka gari taratibu, anagusisha hapa, anagusisha pale. Sumaku ikishika, chuma. Ikidondoka, ama faiba ama kuna puti nene chini ya rangi. Watu kama yeye wanataka gari kama lilivyotoka kiwandani, na kila kipande cha faiba kinashusha bei. Braza anasema kweli. Ila hiyo ni hesabu ya mtu anayeuza, na mama hajasema anauza. Alimkaribisha yule mzee chai, akamwambia, "Baba, sumaku yako nzuri, ila gari lina kazi Jumamosi."

Tuje kwa msanii sasa. Mwaka jana alikodi gari kwa ajili ya video, na shemeji akawa ndiye modo wa video hiyo. Alikaa juu ya fenda ya mbele na viatu vyake virefu karibu saa mbili, mara amelala, mara ameinuka, mwongozaji anasema rudia. Fenda ikaitikia kidogo ikarudi. Ndiyo raha ya chuma: kinabonyea kwanza kabla hakijakatika, na kikibonyea fundi anakigonga kwa nyundo na kipande cha chuma upande wa pili kinarudi. Marehemu mzee alikuwa anafanya hivyo mwenyewe uani, na ukipitisha kiganja kwenye ile fenda ya kulia unazisikia alama za nyundo yake mpaka leo.

Faiba haibonyei. Inavumilia, inavumilia, halafu inapasuka, na kwa kawaida inaanzia kwenye matundu ya bolti. Kwa gari la kwenda sokoni siyo tatizo. Kwa gari ambalo kila Jumamosi kuna bwana harusi anataka kuegemea fenda ya mbele apigwe picha, na wasimamizi wawili wenye miili yao wanamfuata, ni tatizo kubwa. Kazi ya gari ndiyo iliyonipa jibu, siyo ubora wa chuma wala wa faiba. Mbele chuma. Nyuma hakai mtu, mteremko wake mkali utateleza tu.

Ile ya mbele kushoto hatukuagiza mpya. Fundi alikata sehemu iliyooza kuzunguka taa, akachomelea bati jipya la geji 20, yaani kama milimita 0.9. Alitaka kutumia geji 18 kwa sababu analo, nikakataa, unene ukitofautiana na wa zamani bati linajikunja kwenye joto la kuchomelea na kupatanisha inakuwa kazi. Ndani tukapaka rangi ya zinki, kisha nta. Akiba iliyobaki yote ikaenda kwenye mirija miwili.

Na hapo ndipo boti inarudi. Mafundi bodi wetu wengi faiba wanaijulia kwenye kuziba bampa. Anayeijua faiba Tanga ni fundi boti. Nikashuka Deep Sea, nikamkuta mzee mmoja ametapakaa resini mpaka kwenye ndevu, nikampa shikamoo, nikamuonyesha picha. Akaniuliza swali moja tu: "Kalibu yako iko wapi?" Kwa sababu faiba inakopi kila kitu. Ukimpa fenda yenye bonde, atakutengenezea fenda mpya yenye bonde. Na huwezi kumpa ya kulia akakutengenezea ya kushoto, zinaangaliana kama viatu. Ikabidi tumuombe mstaafu mmoja wa reli mwenye Beetle nzima atuazime fenda zake mbili za nyuma kwa siku nne. Alikubali kwa sharti kwamba mama mwenyewe aje kuziomba. Mama akaenda.

Mzee wa boti anafanya kazi alfajiri. Jua likipanda resini inakauka haraka mno, inapata moto, unaweza kuona ndoo inatoa moshi. Alipaka nta kwenye fenda ili kalibu isigande, akatengeneza kalibu, kisha ndani yake jeli ya juu, kisha matabaka matatu ya mkeka. Kwenye matundu ya bolti na pale stepu inaposhikia aliongeza mawili, akasema tufunge kwa washa pana, zile ndogo zinatoboa. Na wakati wa kupiga msasa vaeni barakoa na mikono mirefu. Mimi nilijikuna siku mbili na nilikuwa nimesimama pembeni tu.

Kitu kingine ambacho nawaambia bure: taa. Taa za nyuma za Beetle zinakaa juu ya fenda, na chuma cha fenda ndicho kinachorudisha umeme kwenye bodi. Faiba haipitishi umeme. Ukifunga taa zako nzuri bila kuvuta waya wa ethi mpaka kwenye chuma, haziwaki, na utabadilisha balbu mpaka uchoke. Ni waya wa mita moja tu.

Mapungufu yapo, sifichi. Kokoto ikirushwa na tairi ikagonga faiba kutoka ndani, nje rangi inaweza kupasuka kama utando wa buibui. Mzee wa boti katupakia ndani rangi nzito ya lami kupunguza hilo, tutaona. Na siku mama akisema anauza, mnunuzi ataambiwa mapema kwamba nyuma ni faiba, hata asipokuja na sumaku.

Kuhusu mama na plastiki: siku fenda ya kwanza ilipoletwa alipitisha kiganja chini yake, akaigonga kwa vidole mara mbili, ikatoa mlio wa ngoma kavu. Akasema, "Hii haitaoza?" Nikamwambia hapana, kutu haipati. Akasema fenda za baba yenu msiziuze chuma chakavu. Ziko stoo, zimefungwa kwenye gunia na oili chafu, na matundu yake yote.

Msanii wetu kashalipia nusu kwa video ya mwezi ujao. Shemeji safari hii siyo yule, lakini hayo siyo yangu. Mirija imechomelewa, milango inafunga hata tukikaa wanne. Fenda ya nyuma kulia imeshafungwa, ya kushoto inasubiri praima. Kilichobaki ni ule mpira mwembamba unaokaa kati ya fenda na bodi, yetu imekatika yote, na ya kukatia kwenye bomba la maji mimi siitaki. Mwenye kujua duka linalouza mpira huo, Tanga, Dar au hata Mombasa, aniachie ujumbe hapo chini. Nahitaji wa fenda nne.