Kishikwambi Kilinifundisha Kusikiliza



Mwaka uliopita, nikiwa katibu wa kamati ya msikiti na baba wa watoto watatu, nilirudi kuwa mwanafunzi. Baada ya miaka kadhaa ya kusomesha madrasa kwa elimu niliyoipata chuo cha Kiislamu, nilijiunga na chuo cha ualimu, na mazoezi ya kufundisha yakanileta katika shule moja ya msingi hapa hapa wilayani Bahi, Darasa la Pili.

Mwalimu aliyenisimamia, mama wa makamo, alinikabidhi kishikwambi siku ya kwanza. Kilikuwa miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu wa shule za umma. Nilikipokea kwa adabu, nikakifungia kabatini. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama baada ya swala ya Ijumaa kuwaonya wazazi juu ya watoto na simu. Nikaona haya kuonekana na chombo kama hicho mkononi. Chaki, ubao na fimbo ya kuonyeshea herufi vilinitosha.

Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Wengi wao nyumbani husema Kigogo. Niliwasomesha kwa kuitikia kwa pamoja, kama tufanyavyo madrasa. Ndani ya sauti ile moja kubwa, binti mmoja wa dawati la nyuma hakufungua mdomo. Nilipomsimamisha peke yake, alitazama sakafu. Baada ya wiki tatu nikaandika kwamba hajui kusoma. Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi: nilimwambia baba yake barazani mwa msikiti, baada ya Alasiri, watu wakisikia.

Baba yake ni mkulima wa mpunga. Alijibu kwa upole, "Kama ndivyo, Ustadhi, bora abaki nyumbani amsaidie mama yake kuamia ndege."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Asubuhi nilimweleza msimamizi wangu. Hakunilaumu. Alikitoa kishikwambi kabatini, akanionyesha mahali pa kurekodi sauti. "Mpe akasomee chini ya mti na rafiki yake. Wewe kaa mbali."

Kwa bahati njema binti alikuwa bado anakuja shuleni. Baada ya vipindi nikasikiliza. Alisoma hadithi nzima ya kitabu cha kiada kwa sauti ndogo. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyuma akajisahihisha mwenyewe. Kusoma alikuwa akikujua. Alichokishindwa ni kusoma mbele ya watoto 80 na mwalimu aliyeshika fimbo.

Jioni nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Baba yake alisikiliza ile sauti hadi mwisho, kisha akaita uani, "Mama, njoo umsikie mwanao." Ijumaa iliyofuata nilimwomba radhi tena barazani, mbele ya wale wale walionisikia. Binti hakuacha shule.

Tangu hapo kila siku watoto watano walisoma na kurekodiwa kwa zamu. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania nilivipakua mara moja kutoka Maktaba Mtandao yake, tukavitumia bila kuhitaji intaneti tena. Betri niliichaji usiku nyumbani. Kila sauti niliifuta baada ya kuisikiliza, kwa kuwa sauti ya mtoto wa mwenzako ni amana, si kitu cha kusambazwa kwenye makundi ya simu. Na kazi haikupungua hata kidogo. Kilichoongezeka ni kwamba kila mtoto sasa alisikika.

Onyo langu kwa wazazi halijafutika: mtoto asiachwe peke yake na simu usiku kucha. Lakini nilikuwa nimechanganya chombo na matumizi yake. Aya za mwanzo kumshukia Mtume (s.a.w.) zilitaja kusoma na kalamu, na kalamu nayo ni chombo, huandika elimu, na huandika fitina pia.

Kalamu yangu mwenyewe ndiyo iliyoandika kwamba binti yule hajui kusoma. Mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi, kabla hujatamka kwamba mtoto hawezi, hakikisha kwanza umemsikia.