Picha Zilizokataliwa

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Utah, uko mji mdogo uitwao Park City. Mji huo umejengwa milimani, na hapo kale watu walikwenda huko kuchimba madini ya fedha. Mwezi wa Januari theluji hufunika mapaa ya nyumba. Ulipata sifa kubwa kwa ajili ya tamasha la sinema liitwalo Sundance, lililofanyika huko kwa miaka mingi. Mtengenezaji wa picha aliyekubaliwa katika tamasha hilo aliweza kupata jina, na pengine mnunuzi wa kazi yake. Aliyekataliwa alibaki na picha yake mkononi na deni lake mgongoni.

Basi, walikuwako vijana wanne, nao ni Dan Mirvish, Jon Fitzgerald, Shane Kuhn na Peter Baxter. Walikuwa wametengeneza picha zao kwa fedha chache, wakazipeleka Sundance, zikakataliwa. Picha isiyotazamwa na mtu ni kama barua isiyofunguliwa. Vijana wale wangeweza kukaa na kunung'unika, lakini walifanya shauri jingine. Januari mwaka wa 1995 walikwenda Park City vivyo hivyo, bila ya kualikwa, wakaonyesha wenyewe picha zao pamoja na za wenzao, wakati ule ule wa tamasha kubwa. Tamasha lao wakaliita Slamdance, kwa kulifanyia mzaha jina la jirani yao.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka uliofuata walirudi, na baadaye wakawa wakionyesha picha zao hotelini, katika njia kuu ya mji. Mwaka wa 1999 Mwingereza mmoja, Christopher Nolan, alileta picha yake ya kwanza ndefu, Following. Aliipiga siku za Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine yeye na rafiki zake walikuwa kazini. Mwaka wa 2024 mtu huyo alipewa tuzo ya Oscar. Tena mwaka wa 2008 Oren Peli alionyesha hapo Paranormal Activity, picha aliyoipiga nyumbani mwake kwa siku saba, kwa dola 15,000 hivi. Ilipoenezwa duniani ilipata zaidi ya dola milioni 190.

Lakini kukua nako kuna taabu yake. Picha zilizoletwa zilizidi hata zikawa maelfu, na nafasi ni chache. Waliokataliwa jana hawakuwa na budi kuwakataa wengine. Wafanyeje? Waliweka kanuni: mashindano ya picha ndefu yawe ya watengenezaji walio katika kazi yao ya kwanza, tena iliyogharimu chini ya dola milioni moja. Na wenye kuchagua wawe watengenezaji wa picha, ambao wengi wao walipitia mlango ule ule, na uchungu wa kukataliwa wanaujua.

Mwaka wa 2025 tamasha lilihamia mji wa Los Angeles. Wahenga wamesema, Mtumai cha nduguye hufa maskini. Vijana wale hawakuketi kizingitini mwa mwenzao wakingoja kufunguliwa. Walijenga nyumba yao. Na aliyejenga kwa sababu ya kufungiwa mlango, yampasa kukumbuka kila mwaka ni nani aliye nje.