Kitabu cha Mjane

Hapa Ubaruku akiba ni mpunga. Sisi, pamoja nao, tunatafuta matoleo ya kwanza ya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962. Tunalo moja tu: Pambo la Lugha, lililochapwa Johannesburg miaka ya 1940. Jalada limeliwa na mchwa. Tulipewa na bibi mmoja Mwislamu, mjane. Mumewe alikisoma kila jioni.

Mnunuzi wa mjini akataka kukilipia bei ya magunia kadhaa, na paa la kanisa linavuja. Wazee wa usharika waliomba, wakabishana hadi usiku. Lakini bibi alikitoa ili tumsomee, kwa kuwa macho yake yamefifia. Hatukuuza. Alhamisi tunakwenda kwake. Beti nyingine anazimaliza kabla yetu.