Chandimu Niliyoikuta Amsterdam

Safari yangu ya kwanza Ulaya ilikuwa ya kumtembelea dada, ingawa kila anayenijua pale Tanga alijua nafuata mpira. Nilishuka uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, alfajiri, baridi ikanipokea mlangoni, na Jumamosi yake shemeji akanipeleka kwenye klabu ya mtaani anakochezea mwanawe wa miaka sita.

Nikatafuta uwanja wa mechi, siuoni. Kumbe nyasi zote zimegawanywa kwa koni, vipande vya mita 30 kwa 20. Wanne kwa wanne, kipa hakuna, refa hakuna, goli lina upana wa mita tatu na kimo cha mita moja. Mpwa wangu akanyang'anywa mpira, akaufuata, akaunyang'anya tena, akapiga chenga, akafunga. Kabla sijamaliza kupiga makofi ameshaupata mwingine. Nikacheka peke yangu: si chandimu hii, mpira wetu wa mtaani? Wenzetu wameongeza viatu tu.

Mfumo huu ni wa chama cha soka cha Uholanzi, KNVB, ulioanza kutumika msimu wa 2017/18. Chini ya miaka 7 ni wanne kwa wanne. Kuanzia chini ya 8 hadi chini ya 10 ni sita kwa sita. Chini ya 11 na 12 ni wanane kwa wanane, nusu uwanja. Uwanja mzima wanauonja wakifika chini ya 13. Kwenye sita kwa sita nilikaa sana. Mpira ukitoka pembeni haurushwi kwa mikono; mtoto anaingia nao akiukokota, na hapo hapo analazimika kumkabili mtu.

Siku nyingine nilipanda metro hadi Strandvliet kuona viwanja vya vijana wa Ajax, klabu iliyomlea Patrick Kluivert tangu utotoni, naye akaifungia bao la ubingwa wa Ulaya mwaka 1995 akiwa na miaka 18. Watu husema kipaji. Sawa, lakini kipaji hicho kilipewa miaka ya kukua.

Kwetu, kipa wa darasa la tatu anasimamishwa chini ya mwamba wa mita 2.44. Mpira wowote wa juu ni bao, na kocha wa upande wa pili, akishalijua hilo, anawaambia vijana wake wapige juu tu. Anabeba kombe, hajafundisha kitu.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 unameza viwanja sita vya wanne kwa wanne kama vile nilivyoviona, bila kubanana. Hao ni watoto 48 wanaocheza kwa mpigo, badala ya 22 ambao wengi wao wanausubiri mpira uje. Koni zikikosekana, mawe yapo. Makocha wenzangu wa watoto, jaribuni Jumamosi hii.